Elfu 36 kila miezi miwili: pesa ya walengwa ilivyofanya kazi nyumbani kwetu Kasulu

#1 Dada wa Kasulu

Habari zenu wanajukwaa.

Nimesoma humu mara nyingi watu wakibishana kuhusu pesa za kunusuru kaya maskini, zile za TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, ambazo wanaozipokea huitwa walengwa. Wengi wanaobishana hawajawahi kuishi kwenye nyumba inayozipokea. Mimi nimeishi. Mama yangu aliandikishwa mwaka 2015 kijijini kwetu, Kasulu, na nilikuwepo jina lake liliposomwa kwenye mkutano wa hadhara. Siku hizi niko Tabora mjini, nauza kwenye duka la dawa. Leo nimeshika zamu ya usiku na wateja ni wachache, kwa hiyo naandika.

Nianze na hesabu, maana mtu akisikia "wanapewa pesa na serikali" anawaza mamilioni. Wakati ule ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye watoto iliongezewa 4,000. Mtoto wa shule ya msingi alikuwa na 2,000 yake, mradi ahudhurie. Mama alikuwa na wadogo zangu wawili shule ya msingi. Jumla 18,000 kwa mwezi, na kwa kuwa malipo yalitoka kila baada ya miezi miwili, dirisha moja, yaani awamu moja ya malipo, lilimpa 36,000.

Sasa niwaeleze kilichokuwepo kabla ya hiyo 36,000.

Kwetu mvua za kupandia huanza Oktoba. Ikifika Novemba mahindi ndani yamekwisha, muhogo uliobaki ni mchanga, na maharage shambani ndiyo kwanza yana majani mawili. Hapo ndipo alipokuwa akija mfanyabiashara mmoja wa nafaka, simtaji. Anampa mama debe la mahindi, mama anamlipa debe la maharage yakivunwa Januari. Debe kwa debe. Ukisikia haraka unaona ni haki kabisa.

Lakini debe la mahindi mwezi ule lilikuwa 9,000, na debe la maharage Januari lilikuwa 20,000. Mama alikuwa anachukua madebe manne ili tufike mavuno. Yaani anakopa chakula cha 36,000 na anarudisha maharage ya 80,000 ndani ya miezi miwili. Na yule bwana alikuwa anakuja na debe lake mwenyewe, lile lililogongwa mpaka kitako kikatanuka, analijaza mpaka juu linafanya kichuguu. Mimi ndiye niliyekuwa nashika mdomo wa gunia. Nilikuwa naona maharage yetu yanavyoingia na mama anavyotazama pembeni.

Januari yakishaondoka hayo, yaliyobaki hayatoshi mbegu. Kwa hiyo mbegu nayo inakopwa. Miaka yote nikiwa mtoto tulikuwa hivyo, na mama yangu si mvivu, anaamka saa kumi na moja.

Dirisha la kwanza lililoangukia msimu wa njaa lilikuwa Novemba hiyohiyo ya 2015. Walilipia chini ya mwembe, nje ya ofisi ya kijiji. Mama alionyesha kitambulisho chake cha mlengwa, akachovya dole gumba kwenye wino, akahesabiwa. Alizifunga kwenye pindo la kanga, fundo mbili. Njiani hakusema neno. Kesho yake akaenda sokoni, akanunua madebe matatu ya mahindi kwa pesa mkononi, na kwa kuwa alikuwa na pesa mkononi akabishana bei mpaka akapunguziwa 500 kwa kila debe. Iliyobaki ikawa chumvi, sabuni na mafuta ya taa.

Januari yule bwana alipita. Mama akamkaribisha maji ya kunywa, akanywa, akaondoka na debe lake tupu.

Yale maharage ambayo kila mwaka yalikuwa ya deni yalibaki ndani. Aliyauza Machi bei ilipopanda. Kuanzia hapo akawa ananunua bati moja moja, anazilaza nyuma ya kitanda, mpaka zikatosha. Leo mtu akipita anasema "nyumba ile imejengwa na TASAF." Elfu 36 haijengi nyumba. Zile bati ni maharage ambayo hayakwenda kwa mkopeshaji.

Hiki ndicho nilichotaka kukisema. Watu wanabishana kama kiasi kinatosha au hakitoshi, kama kinaharibu watu au hakiwaharibu. Mimi nilichokiona kwetu ni kwamba kilichotubadilishia maisha ni tarehe. Dirisha la Julai lilitufaa: sare za wadogo zangu, madaftari, mchango wa bima ya afya ya jamii. Lakini Julai tuna chakula. Elfu 36 ya Novemba ilituokolea maharage ya elfu 80. Ni noti zilezile, ila ile ya Novemba inamkuta mtu kabla hajafungwa na deni.

Karibuni tujadili, hasa mliolelewa kwenye nyumba za namna hii.

#2 Mkulima wa Urambo

Mwangaluka wote. Dada nimekusoma hadi mwisho na nakupa heshima yako, umeandika kitu unachokijua. Ila na mimi nina langu.

Huku kwetu nawafahamu wanaume wawili ambao mke akitoka kupokea wanamsubiri njiani. Ile pesa inaishia kilabuni, na jioni kuna kipigo juu. Pili, tangu mambo haya yaanze, kupata vibarua wa kupandikiza tumbaku imekuwa taabu. Mtu ana elfu thelathini yake ndani, anakwambia leo sijisikii. Sisi tunaolima tunakopa mbolea na dawa kupitia chama cha msingi cha ushirika, tunakatwa kwenye mauzo, mwaka mwingine tunabaki na karatasi tu. Hakuna aliyewahi kutuita chini ya mwembe.

Mtu mzima kupewa bila kutoa jasho, mimi naona inamharibu.

#3 Dada wa Kasulu

Mzee wangu, asante kwa kusema wazi. Shikamoo.

Hao wanaume wawili sikatai kuwa wapo, na huyo mama anayepigwa anahitaji msaada wa mtendaji na polisi, si wa kufutiwa ruzuku. Lakini kwa ujumla jambo hilo limechunguzwa. Mwaka 2014 David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 kutoka nchi mbalimbali kuhusu swali hilo moja: masikini akipewa pesa, pombe na sigara vinaongezeka? Karibu kote jibu lilikuwa hapana, na penye mabadiliko mara nyingi yalikuwa ya kupungua. Mpango wetu nao tangu mwanzo ulipendelea mpokeaji awe mama wa kaya.

La vibarua ndilo ninalotaka tukae nalo kidogo, kwa sababu uliloliona ni kweli. Mimi naliona kutoka upande wa pili.

Kabla ya 2015, Novemba mama alikuwa anaenda kulima shamba la mtu kwa 2,000 kwa siku ili tule jioni. Wiki mbili za kwanza za mvua, ambazo ndizo za kupanda maharage, alikuwa kwenye shamba la mtu. Letu lilipandwa likiwa limechelewa, na maharage yaliyochelewa kwetu yanakutwa na mvua nyingi yakiwa na maua, yanaoza. Alipopata chakula ndani, zile wiki mbili akazilima kwake. Yule aliyekuwa anamwajiri bila shaka alisema mama fulani kawa mvivu tangu aanze kupewa pesa. Lakini mama hakuwa amelala, mzee wangu. Alikuwa upande wa pili wa mto, kwenye shamba lake.

Na jasho walitoa pia. Kwenye mpango huohuo kulikuwa na ajira za muda: siku 60 kwa mwaka, 2,300 kwa siku, zikipangwa kwenye miezi ya njaa. Kuna malambo yamechimbwa na barabara za vijijini zimelimwa kwa majembe ya akina mama hao.

Kuhusu nyinyi wa tumbaku na makato, hilo lina uzi wake na ningeusoma kwa moyo wote.

#4 Mwalimu Kaliua

Naomba niongeze la shuleni, kwa sababu mimi ndiye ninayejaza zile fomu za mahudhurio.

Sharti ni mtoto ahudhurie asilimia 80 ya siku za masomo. Wilaya yetu ni ya tumbaku. Kipindi cha kuchuma na kukausha, darasa linapungua bila mtu kutangaza likizo. Watoto wako mabanini wanafunga majani. Watoto wa walengwa ndio niliokuwa nawaona wanabaki. Sidhani ni kwa kuogopa kukatwa 2,000 peke yake. Naona pia ni kwa sababu mama hakuwa na haja kubwa ya ile pesa ya kufunga majani.

Na kuna kitu kidogo ambacho mwalimu anakiona na waziri hakioni: viatu. Mtoto anayekuja pekupeku wakati wa mvua anakaa nyuma, anaficha miguu chini ya dawati, hanyooshi mkono. Nilikuja kusoma kuwa hata kwenye majaribio ya mwanzo kabisa, yale ya mwaka 2010 kwenye vijiji 80 vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha (40 vilianza kupokea, 40 vikasubiri ili vilinganishwe), moja ya tofauti zilizoonekana ni kwamba kaya zilizopokea ziliwanunulia watoto viatu zaidi. Pia zilijiunga zaidi na bima ya afya, siku za kuugua za watoto wadogo zikapungua, na kaya maskini zaidi zikaongeza mifugo. Nilifurahi, kwa sababu viatu niliviona kabla sijasoma.

Lakini niseme na upande wangu mwingine. Darasani nina watoto zaidi ya mia. Kuhudhuria wanahudhuria. Kusoma ni jambo jingine, na pesa ya mama haiwezi kuniletea mwalimu mwenzangu. Na fomu haijui kuuliza. Niliwahi kuwa na binti aliyekosa wiki tatu kwa sababu mama yake amelazwa na yeye ndiye aliyekuwa anampikia mdogo wake. Kwenye karatasi ni utoro. Nilikaa na kalamu mkononi muda mrefu siku ile.

#5 Kijana wa Buhigwe

Nawasikia wote. Mimi bibi yangu hakuchukuliwa. Ana miaka sabini na kitu, anaishi peke yake, hana anayemlimia. Walipokuja na dodoso wakaona bati na ukuta wa tofali za kuchoma, wakaandika. Ile nyumba aliijenga marehemu babu alipokuwa na nguvu zake. Jirani yake mwenye nyumba ya nyasi na watoto watatu watu wazima wanaofanya kazi mgodini alipata. Tangu siku hiyo hawasalimiani, walikuwa wanasuka mikeka pamoja.

Dada, hili unalisemaje? Maana kwenye hadithi yako jina la mama lilisomwa. Kuna wengine walikaa mpaka mkutano ukavunjika.

#6 Dada wa Kasulu

Mdogo wangu, hili limeniuma na sina la kulipamba.

Utaratibu ni huu: kijiji chenyewe kinataja kaya maskini kwenye mkutano wa hadhara, kisha dodoso linajazwa, kisha majina yanarudi kusomwa mbele ya watu. Mkutano unajua kuwa bibi hana wa kumlimia. Dodoso linajua bati. Vikigongana, mara nyingi bati linashinda. Siku ya mama alikuwepo mjane mmoja, mama alimwona wazi kuwa ana hali mbaya kuliko yeye, na hakuitwa. Kwa miaka mama alikuwa anampelekea kisado cha mahindi kila dirisha, kimyakimya, usiku, asije akaaibika.

Kuna utafiti wa Siaya, Kenya, ambako shirika la GiveDirectly liliwapa kaya zaidi ya 10,500 takriban dola 1,000 kila moja. Utafiti ulihusisha vijiji 653. Walipima mpaka wale wasiopewa, na wakaona kuwa nao hali ilipanda, kwa sababu pesa ilizunguka: fundi, mama wa genge, bodaboda. Kila dola iliyoingia ilizaa shughuli za kama dola 2.5 kwenye eneo lile, na bei sokoni zilipanda kwa asilimia 0.1 tu. Kwa hiyo anayesema pesa hizi zinawapandishia wengine gharama za maisha, kule haikuonekana hivyo.

Lakini bibi yako haendi sokoni kuuza chochote, na zile ni pesa nyingi kwa mkupuo, si elfu 18 kwa mwezi. Hesabu ile haimfikii. Wazee wa umri huo mimi naona wasijaziwe dodoso kabisa. Zanzibar wamefanya hivyo tangu Aprili 2016: ukifika miaka 70 unapata pensheni jamii, ilianza na 20,000 kwa mwezi, uwe na bati au nyasi. Nadhani hata ile mikeka wangeendelea kuisuka.

#7 Mtendaji mstaafu

Nilikuwa mtendaji wa kijiji Uyui, nimesimamia siku nyingi za malipo chini ya miti ya namna hiyo. Mleta uzi umesema kweli kuhusu tarehe, ila umeruka jambo. Pale chini ya mwembe kulikuwa na watu wanaosubiri. Mwenye daftari la mchango wa mwenge, wa madawati, wa zahanati. Mama anapokea huku, anakatwa huku, kabla hajafika barabarani. Wengine tulikataza, wengine hawakukataza.

Ndiyo maana malipo ya simu yalipokuja niliyaunga mkono. Pesa inaingia kwenye laini ya mama, hakuna meza ya pili. Kwenu yalikwendaje?

#8 Dada wa Kasulu

Mzee, asante kwa kulisema hilo wewe mwenyewe uliyekuwa kwenye meza. Mama naye alikatwa, mara mbili, na kiongozi mmoja wa wakati ule. Sikuandika kwa sababu lingenipeleka mbali.

Simu. Hapa ndipo ninapotaka kuonyesha tarehe inavyoweza kumuua mtu hata pesa yote ikilipwa.

Mama amelima na kumenya muhogo miaka arobaini. Vidole vyake havina mistari. Ukivishika ni laini kama kokoto ya mtoni. Alipokwenda kusajili laini, kile kifaa cha alama za vidole kikakataa gumba, kikakataa shahada, kikakataa vyote. Kijana mmoja aliyekuwa anasajili, simjui hata jina, akamwambia mama usijali, nitaweka kidole changu. Akasajili laini ya mama kwa jina lake yeye. Mama akashukuru, akampa na ndizi.

Mwaka 2021 laini ikafungwa. Dirisha la kuelekea mwisho wa mwaka likapita bila kuingia kitu, na lililofuata vilevile. Mama hakuniambia. Nilikuwa na mtoto mchanga, akasema hataki kuniongezea mzigo. Nilikwenda nyumbani Januari, nikashuka kwenye basi, nikapita njia ya nyuma ya nyumba, nikakuta debe uani. Lile lile lenye kitako kilichotanuka. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa ameshika mdomo wa gunia.

Debe la mahindi Novemba ile lilikuwa 12,000. La maharage Januari, 32,000. Alikuwa amechukua matatu. Debe kwa debe.

Tulihangaika, na Machi pesa za madirisha yote mawili zikaingia pamoja, haikupungua hata senti. Kwenye vitabu mama yangu amelipwa kikamilifu. Lakini maharage ya 96,000 yalikuwa yamekwenda kulipia mahindi ya 36,000, na mbegu za msimu wa pili tulizikopa. Mama alizishika zile pesa za Machi akaniambia, "Hizi ni za kulipia yaliyokwishapita."

Ndiyo maana nikisikia wanajadili kuongeza kiwango nafurahi, ila roho yangu inauliza: itaingia lini?

#9 Mkulima wa Urambo

Dada, nimerudi. La pombe bado nina wasiwasi nalo, nimeona kwa macho yangu.

Ila hili la tarehe limenigusa penyewe. Mbolea ya ruzuku mwaka mmoja ilitufikia mahindi yakiwa yameshatoa mbelewele. Walisema imegawiwa yote. Kweli iligawiwa. Niliiweka stoo nikaitazama. Kumbe tunalia kilio kimoja.

Nina dada yangu mkubwa huku, naye ni mlengwa, na vidole vyake ni hivyo hivyo unavyosema. Mlifanyaje mpaka mashine ikasoma?

#10 Dada wa Kasulu

Mzee wangu, fanya hivi mapema, Agosti au Septemba, kabla ya msimu.

Kwanza aangalie laini yake iko kwa jina la nani. Piga *106# kwenye simu yake, ufuate maelekezo, utaona imesajiliwa kwa jina la nani. Kama si jina lake, ujue imesajiliwa kwa mtu mwingine, na inaweza kufungwa siku yoyote.

Kuhusu vidole, apumzike jembe na muhogo siku tatu nne. Sisi tulimloweka mama mikono kwenye maji ya uvuguvugu asubuhi, tukampaka mafuta ya nazi, tukafuta yakakauka. Ofisini tulimkuta dada mmoja mvumilivu sana, alijaribu vidole vyote kumi, kimoja kimoja, mara tatu tatu, foleni ikinung'unika nyuma yetu. Kilichosoma ni kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Mwambie waanze na hicho, maana hicho hakibani mpini sana.

Na umsindikize wewe mwenyewe, asiende peke yake.